Kesi Ambayo Katibu Hakuiandika

Mwanamke aliyeandika mapatano ya karibu kila familia ya upande wetu wa Kanyangi hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kulalamika kuhusu shamba lake mwenyewe. Na alilalamika. Alilalamika mara tatu mbele ya wazee na mara mbili mbele ya baraza la kanisa. Kila mara watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakala mbuzi au wakanywa chai, wakaenda zao. Hakuna aliyeshika kalamu. Sasa wakili amemwambia kwamba mvua za Novemba mwaka huu zikimpita kabla hajafungua kesi, kipande chake kilicho kando ya mto huenda kikawa si chake tena kisheria, ingawa hati ina jina lake.

Nitamwita Katibu, kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Hata watoto wake, wakiwa mbele ya wageni, humwita hivyo. Alikuwa katibu wa kanisa, katibu wa kamati ya maji, na katibu wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu na kuchimbiana matuta. Juu ya hayo aliandika vikao vya wazee, ambavyo kwa desturi havikuwa na mwandishi, mpaka wazee wenyewe walipochoka kubishana juu ya walichoamua mwaka uliopita. Ugomvi wa mpaka ukitokea, swali la kwanza lilikuwa kama Katibu yuko nyumbani.

Daftari zake alizifunika kwa kurasa za kalenda za zamani, upande mweupe ukiwa nje. Aliandika kwa wino wa buluu tu. Alisema wino mweusi ukitolewa kopi, hakuna atakayejua karatasi ipi ilikuwa ya kwanza. Kabla ya kuandika neno lolote la mashtaka aliuliza, "Nani amesema?" Mtu akijibu kwamba watu wanasema, kalamu iliwekwa chini. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja aliyekuja kumsema jirani yake, "Taja hao watu. Nikiandika 'watu', kesho nitaulizwa mimi, si wewe."

Aliandika pia ukimya. Mwanamume mmoja aliulizwa kikaoni kama ni kweli alihamisha mikonge ya mpaka, akatazama miguu yake. Katibu akaandika: Akaulizwa, akanyamaza. Kesho yake yule bwana alifika kwake na kuku chini ya kwapa, akiomba maneno hayo mawili yafutwe. Katibu akamrudisha na kuku wake. Alimwambia kwamba hafuti, lakini kikao kijacho akija na maneno, atayaandika chini ya yale ya kwanza. Alikuja, akasema. Mikonge ikarudishwa mahali pake, na wale majirani mpaka leo wanaazimana jembe la ng'ombe.

Mimi nilimjua kwa karibu nilipokuwa katibu wa vijana kanisani. Yeye ndiye aliyesahihisha kazi yangu, na hakuwa na huruma. Siku moja nilimpelekea ukurasa ulioanza kwa kusema kwamba mkutano ulikuwa mzuri. Aliniuliza tuliamua nini. Nikamweleza kwamba tuliomba, tukazungumza, tukafurahi pamoja. Akanirudishia daftari.

"Basi hapakuwa na mkutano," alisema. "Palikuwa na chai."

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, na ukali wake mara nyingine uliwaangukia wasiostahili. Juu ya kwenda kortini alikuwa na msemo wake aliourudia hadi tukauchoka: "Korti inagawanya shamba na watu. Kikao kinagawanya shamba peke yake." Aliuamini kabisa. Wengi waliotaka kwenda Kitui kufungua kesi aliwageuza njiani kwa msemo huo, na wengine kweli walipatana. Wengine walinyamazishwa tu, na daftari lake likahesabu kunyamazishwa kwao kuwa ni amani.

Palikuwa na mjane aliyeuza sukumawiki sokoni. Shemeji yake alimzungushia ua hadi mlangoni, akakosa hata pa kupitisha mbuzi wake. Alihudhuria vikao vitatu bila kupata kitu, kisha akaenda mahakamani. Kanisa letu lina msimamo juu ya hilo: ndugu wa imani hampeleki ndugu wa imani mbele ya hakimu. Shemeji naye alikuwa wa kanisa lilelile, kwa hiyo aliyewekwa chini ya nidhamu ni yule mama. Mwaka mzima hakushiriki meza ya Bwana na aliketi benchi ya nyuma kabisa, ile iliyo karibu na mlango ambapo wageni huacha miavuli. Shemeji yake aliendelea kupitisha sahani ya sadaka. Uamuzi huo uliandikwa na Katibu, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka. Nilipomuuliza kama aliona ni haki, alinijibu kwamba yeye ni kalamu tu.

Jibu hilo liliniudhi siku ile na linaniudhi leo. Yule mama alishinda kesi yake, ua ukaondolewa, akahamia kanisa jingine ng'ambo ya kilima. Hakuna aliyemfuata kumwomba radhi.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe.

Aliyelichukua ni jirani yake, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya upole anayejua kuomba hadi watu watokwe machozi. Mwaka mmoja mafuriko yalibomoa matuta yake yote. Alikwenda kwa Katibu akaomba kile kipande tambarare cha kando ya mto, apande ndengu msimu mmoja tu wakati akitengeneza la kwake. Lililo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaja karatasi. Katibu amenisimulia zaidi ya mara moja.

"Mwaitu, tuandikishane?" mzee alimuuliza, akimwita mama kwa heshima ya kwetu.

Katibu alicheka. "Nikuandikishe wewe, ambaye tunashiriki naye meza moja? Nenda ulime."

Atakayesoma haya akiwa mbali atashangaa. Mwanamke aliyeandikisha hata kuazimana kwa ndoo za kamati ya maji, anawezaje kutoa shamba kwa mdomo? Lakini mtu wa kwetu hatashangaa. Kwetu, kumwandikisha ndugu wa kanisa ni kumwambia usoni kwamba wokovu wake unautilia shaka. Wasioaminiana ndio huandikishana. Katibu aliandika mambo ya watu kwa sababu walikuwa wamekwisha kugombana. Yeye na mzee walikuwa hawajagombana.

Msimu wa kwanza alipanda ndengu, wa pili ndengu tena, wa tatu kunde. Katibu hakusema kitu. Halafu mvua za Novemba zilipokaribia, mzee akaleta miche ya michungwa ya kupandikizwa kutoka upande wa Makueni, akaipanda kwa mistari kutoka mtoni hadi njiani. Hapo kila mtu alielewa. Aliyeazimwa shamba hupanda kinachovunwa kikaisha: ndengu, kunde, mtama. Mti hapandi. Anayepanda mti amesema kwamba haondoki, hata kama mdomo wake haujafunguka. Katibu alimwendea asubuhi ileile. Mzee akamwambia kwa ule upole wake kwamba miti ni ya kuzuia udongo usichukuliwe na mto, na kwamba ilimfaa Katibu amshukuru.

Akaenda kwa wazee. Kikao cha kwanza kilipokaa, alitoa daftari lake kama kawaida. Mwenyekiti akamzuia. Alimkumbusha kwamba miaka mingi nyuma, Katibu mwenyewe alimkataza mtu mmoja kuandika kikao cha kesi yake, akasema mwenye kesi hashiki kalamu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa sheria yake. Akafunga daftari na kuuliza nani ataandika basi. Mzee mmoja akasema kwamba wao si watoto, watakumbuka.

Watu walewale waliomwita katibu kwa sababu hawakumbuki, siku ya haki yake walipata kumbukumbu. Na yeye, kwa heshima ya sheria aliyoitunga mwenyewe, alikubali. Angeweza kugoma kuendelea mpaka apatikane mwandishi. Hakugoma.

Kuhusu mbuzi pia lazima niseme. Kwa desturi, wenye ugomvi wote wawili huleta mbuzi wa kikao. Katibu alileta wake mara tatu. Mzee wa kanisa kila mara alieleza kwamba wake atakuja baada ya hukumu, na hukumu haikutolewa. Kikao kiliahirishwa mpaka baada ya mavuno, mpaka baada ya mazishi ya fulani, mpaka watakapoongozwa na Roho. Kwa hiyo mtu aliyekaa juu ya shamba la Katibu alikula mbuzi wa Katibu mara tatu, na mara ya tatu, nilivyoambiwa, alisifu nyama.

Kikao cha pili nilikuwepo. Nilikuwa nimetumwa na vijana kuleta viti vya kanisa, nikabaki. Nilikuwa na daftari na kalamu. Wazee walimbana mzee wa kanisa, na kwa mara ya kwanza akasema waziwazi, "Miti ni yangu. Shamba ni la Katibu, mimi sijakataa." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nikafungua ukurasa. Mzee aliyekaa karibu nami akanigusa goti.

"Wewe kijana, weka hiyo kitu. Hapa si kortini."

Nikaiweka mfukoni. Katibu aliniona. Aliyenifundisha kwamba bila uamuzi palikuwa na chai tu, aliniona nikifunga daftari, na hakunilaumu wakati ule wala baadaye. Ningependa kusema kwamba nilikuwa mdogo. Sikuwa mdogo hivyo.

Wazee waliokaa vikao vile walikuwa wanne. Wawili wamefariki. Wa tatu amemwoza binti yake kwa mwana wa mzee wa kanisa. Wa nne, ukimuuliza, anakumbuka mbuzi tu.

Baraza la kanisa nalo lilifanya lililozoea kufanya. Pasta si mtu mbaya. Aliwaita wote wawili, akawaombea, akawaomba washikane mikono mbele ya ushirika Jumapili. Walishikana, watu wakapiga makofi. Jumatatu mzee alikuwa akimwagilia michungwa yake. Sasa ni miti mikubwa. Msimu ukifika, wanunuzi wanakuja na pikapu kutoka Kambu, wanapakia machungwa yaliyozaliwa na udongo wa Katibu, na yeye akiyataka ananunua sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Mara ya pili alipofika barazani, mwaka juzi, mzee alikuwa amebadilisha hadithi. Alisema kipande kile alipewa moja kwa moja na marehemu mume wa Katibu, kama shukrani kwa wema fulani. Katibu akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia. Mzee akawageukia wenzake, akatabasamu.

"Huyu mama anaandika hata kuku akipotea," alisema. "Kama aliniazima, karatasi iko wapi?"

Wengine walicheka. Niliambiwa na waliokuwepo kwamba Katibu alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika mkutano wowote.

Mwezi wa tisa mwaka huu nilikuwa dukani kwangu Sultan Hamud, ambako nauza mabati na misumari, nilipomwona amesimama mlangoni. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Amekonda, lakini bado anasimama wima kana kwamba anasubiri mtu amalize sentensi. Alikuwa ametoka kwa wakili aliye ghorofani, juu ya duka la dawa. Nikamuuliza mbona amekuja mbali hivi, na Kitui mawakili wamejaa. Alisema Kitui kila ngazi ya ofisi ina mtu anayemjua mtu wa kanisa lao, na habari ingefika Kanyangi kabla yake.

Nilimpeleka hotelini nikaagiza chai na mandazi. Alinieleza kwa mpangilio, kama ada yake. Wakili alimuuliza kama alimpa jirani ruhusa ya kulima. Akasema ndiyo. Nani alishuhudia? Hakuna. Alilalamika lini? Akataja siku, miezi na miaka bila kukosea. Wakili akaomba aone palipoandikwa. Akasema hapajaandikwa. Hapo, alisema, yule wakili kijana alimtazama akiwa amesahau kufunga mdomo, maana alikuwa amekwisha kumweleza kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Wakili alimfafanulia hivi. Mtu aliyeruhusiwa kulima hawezi kudai shamba hata akikaa miaka mingapi. Lakini mtu aliyeingia na kukaa kama mwenye mali, mbele ya macho ya mwenye hati, kwa miaka kumi na miwili bila kushtakiwa, anaweza kwenda mahakamani akaomba liandikwe jina lake. Mzee atadai kwamba yeye ni huyo wa pili, na michungwa ndiyo itakayokuwa shahidi wake. Malalamiko ya mdomo hayasimamishi miaka, na mbuzi hawaisimamishi. Kesi ndiyo inayoisimamisha. Michungwa inatimiza miaka kumi na miwili Novemba hii.

"Kwa hiyo kila waliponiambia ningoje," Katibu alisema, "walikuwa wanamhesabia."

Karatasi za kesi zilikuwa tayari kwenye mkoba, zimepigwa chapa. Alizitoa akazitandaza mbali na kikombe. Hakuwa ametia sahihi. Pasta alikuwa amekwisha kunusa habari na kumkumbusha msimamo wa kanisa: akienda kortini atakabidhi madaftari yote, na atawekwa chini ya nidhamu kama mshirika mwingine yeyote. Nilimwambia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba kanisa lililomwacha aibiwe kwa miaka kumi na miwili halina nidhamu ya kumwekea. Mtu wa meza ya pili aligeuka kututazama.

Nilipomaliza, Katibu alisema, "Siogopi benchi ya nyuma. Naogopa kwamba nitaketi pale nilipomwandikia mwenzangu aketi, na yeye hayupo nimwambie kitu."

Kisha akaniuliza kama nakumbuka kikao cha pili. Nikasema nakumbuka. Ulikuwa na daftari? Nilikuwa nalo. Ulisikia alichosema juu ya shamba? Nikamrudia neno kwa neno. Alisikiliza huku amefumba macho, kama anayelinganisha na nakala aliyonayo kichwani.

"Basi nenda ukaape useme hivyo," alisema. "Umechelewa, lakini useme."

Kesho yake nilipanda ngazi za wakili, nikatoa maelezo yangu, nikaapa, nikatia sahihi. Katibu yeye alikwishaondoka jioni iliyotangulia na karatasi zake. Nilimsihi atie sahihi palepale mezani. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Alikataa. Alisema lazima kwanza amwambie pasta uso kwa uso, kwa sababu si adabu mchungaji wake asikie sokoni, na kwamba baada ya Jumapili angerudi. Mimi adabu hiyo siielewi. Imemgharimu vikao vitano na kipande bora zaidi cha shamba lake, na bado anaitoa kwa watu ambao hawajawahi kumrudishia.

Jumapili hiyo ilipita, na nyingine nne baada yake. Juzi wakili alinipigia simu. Alisema kiapo changu kiko kwenye faili, lakini faili haina kesi. Nikampigia Katibu. Alinieleza kwamba mvua imenyesha Kanyangi tangu alfajiri, na kwamba pale alipokaa anawaona vibarua wanne wa mzee wakichimba mashimo ya miche ng'ambo ya michungwa, upande ambao hakuwahi kumwazima mtu. Nikamuuliza pasta alisema nini. Alisema pasta amemwomba angoje mpaka mkutano mkuu wa Desemba, ili jambo lizungumzwe na viongozi wa kanisa kutoka nje ya Kanyangi.

Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema bado hajamjibu.